Kutoka Ngazi za Leven hadi Malabo: siku kumi na mbili Guinea ya Ikweta

Nimerudi na picha arubaini na moja tu. Anayenijua atashangaa, maana mimi hupiga picha hata sahani ya viazi karai. Sababu mtaiona mbele. Kwa hivyo haya nimeyajenga kwa daftari zaidi kuliko kwa simu, na pale daftari liliponyeshewa sikubuni, nimeruka.

Alhamisi, 18 Januari 2024. Mombasa

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji wa Kale. Hakuna siku ya kazi nisiposhuka Ngazi za Leven na kutoa hadithi ileile: mwaka 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alitia nanga hapa na merikebu yake, Leven. Wamazrui, watawala wa Mombasa, waliokuwa wanabanwa na Seyyid Said wa Oman, wakamwomba kinga, naye akawakubalia bila kuuliza wakubwa wake London. Akamwacha luteni kijana aitwaye Reitz, homa ikamuua mwaka huohuo, jina lake likabaki Port Reitz. Mwaka 1826 London wakakataa mambo yote, bendera ikashushwa. Hapo wageni hupiga picha na sisi tunakwenda zetu kunywa kahawa.

Mwaka juzi mama mmoja mtalii akaniuliza, je, baada ya hapo Owen alikwenda wapi? Miaka kumi na saba nasimulia, sijawahi kujiuliza. Nikaenda kutafuta. Kumbe alizunguka upande wa pili wa Afrika, na mwaka 1827 akajenga mji juu ya kisiwa kingine ambacho hakikuwa chake, Fernando Poo. Mji akauita Clarence. Ndio Malabo ya leo, mji mkuu wa miaka mingi wa Guinea ya Ikweta, nchi pekee kusini ya Sahara iliyotawaliwa na Hispania. Nikaanza kuweka akiba.

Kwa atakayefuata: visa niliomba mtandaoni, ilichukua siku tisa. Kadi ya homa ya manjano huulizwa kwa kweli, si kama mahali pengine inapotazamwa kwa jicho moja. Beba yuro za noti safi. Kadi yangu ya benki ilikataliwa na mashine tatu, na M-Pesa, bila shaka, huko ni hadithi.

Ijumaa, 19 Januari. Addis, kisha Malabo

Ndege mbili, usingizi wa vipande. Mlima Basilé ulitokea dirishani kabla ya kisiwa chenyewe, mita elfu tatu na ushei zikichomoza juu ya mawingu. Kisiwa cha Bioko, ndio Fernando Poo ya zamani, ni kikubwa kidogo tu kuliko Unguja, lakini Unguja ni sahani na hiki ni sufuria iliyofudikizwa.

Uhamiaji waliniuliza mara nne: kazi gani? Nikajibu, "Natembeza watalii." Wakatazamana. Mtembeza watalii anakuja kutalii, hilo liliwapa shida. Saa moja na robo, kisha muhuri.

Lugha: Kihispania sina. Nina Kiitaliano cha Malindi, kile cha ufuoni, na nilikuwa nimekivalisha kofia ya Kihispania kwa miezi minne ya kusikiliza simu. Kilinibeba vizuri kuliko nilivyostahili.

Teksi kutoka uwanjani faranga 5,000 za CFA. Chumba kwa mama mmoja katika mitaa ya zamani, faranga 25,000 kwa usiku pamoja na chai. Shilingi yetu moja ilikuwa faranga tatu na nusu na ushei, piga hesabu uone: Malabo ni ghali, hasa kwa kulala. Chai yenyewe ilikuwa mchaichai mtupu, nao huuita *contrití*. Nilipomwambia kwetu pia twanywa mchaichai aliongeza kikombe bila kuuliza.

Mama huyu ni wa watu wanaoitwa Fernandino. Wazee wao walikuja kutoka Sierra Leone na pwani ile enzi za Owen na baada yake, wengine ni watumwa waliokombolewa baharini. Nyumbani husema Pichi, lugha yenye mifupa ya Kiingereza, na hapo ndipo mimi nilipata nafuu. Nilipomuuliza amezaliwa wapi akasema:

"Nilizaliwa Santa Isabel, nikaolewa Malabo, na sijahama hata barabara moja. Bibi yangu yeye mpaka anakufa alisema Clarence."

Niliandika hayo usiku uleule. Siku zote zilizobaki nilikuwa nikitafuta maneno ya namna hiyo.

Jumamosi, 20 Januari. Malabo

Mji wa zamani unatembeleka kwa miguu, asubuhi moja yatosha. Kanisa kuu la Santa Isabel lina minara miwili iliyochongoka. Lilikamilika mwaka 1916, na Januari 2020 liliungua likiwa katika ukarabati. Mbele yake ni Uwanja wa Uhuru, na ng'ambo ya uwanja, ikulu. Nyuma ya ikulu ardhi inashuka hadi baharini, na hapo ndipo palipo Black Beach, gereza. Kanisa, ikulu, gereza, vyote kwa mwendo wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa.

Usipige picha ikulu. Usipige askari, bandari, wala uwanja wa ndege. Usinyanyue simu hata kutazama saa ukiwa upande ule wa uwanja. Nilinyanyua, filimbi ikalia, nikairudisha mfukoni na kuendelea kutembea kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

Nikakaa upande wa kanisa, kivulini, nikafungua daftari. Wahispania walipataje kisiwa? Kwa kubadilishana. Machi 1778, katika mkataba wa El Pardo, Ureno iliipa Hispania visiwa vya Fernando Poo na Annobón, pamoja na haki ya biashara katika pwani, ili mambo ya mipaka yao ya Amerika ya Kusini yatulie. Hispania ilitaka mlango wake yenyewe wa kununulia watumwa. Wabubi, wenye kisiwa, hawakuulizwa. Msafara wa kwanza wa Wahispania ulikufa kwa homa na maasi, waliobaki wakaondoka. Ndiyo maana Owen alipofika alikuta kisiwa chenye hati na kisicho na mwenye hati. Mwaka 1843 Wahispania wakarudi, wakapandisha bendera, wakabadilisha jina la mji kuwa Santa Isabel, lakini wakamwacha Mwingereza, John Beecroft, awatawalie. Utawala wao wenyewe hasa ulianza 1858. Baadaye walikifanya kisiwa jela: mwaka 1869 Wacuba waliotaka uhuru wao walisafirishwa hadi hapa.

Adhuhuri nilisali katika msikiti mdogo wa Waafrika Magharibi karibu na soko. Muuza duka mmoja wa Mali, kwa sababu ya salamu aleikum tu, alinibadilishia yuro kwa bei ileile ya benki, akakataa faranga zangu 500 za shukrani, na akanichagulia mama wa kununua chakula kwake. *Pepesup* ya samaki, pilipili ya kutoa machozi, na muhogo uliosagwa ukafungwa kwa majani kama andazi refu: faranga 3,000. Uliza kabla ya kula nyama. Baadhi ya nyama za huko, kwetu ziko katika vitabu vya wanyamapori.

Jioni nikamwomba dereva wa teksi anipitishe penye sinema ya Marfil. Akaniangalia kwenye kioo. "Kuna filamu?" akauliza, akijua hakuna. Tukapita, akaonyesha kwa kidevu, hakupunguza mwendo. Teksi za kushirikiana mjini zilikuwa faranga 500, na sheria ni moja, usizungumze kama dereva hazungumzi.

Katika ukumbi wa sinema ile, Septemba 1979, alihukumiwa rais wa kwanza wa nchi, Francisco Macías Nguema. Tarehe 29 alihukumiwa kifo na jioni hiyohiyo akapigwa risasi Black Beach. Waliofyatua walikuwa askari wa Morocco. Yasemwa askari wa hapa waliogopa uchawi wake. Aliyempindua Agosti 3 mwaka ule alikuwa mpwa wake, Teodoro Obiang Nguema, ambaye ndiye rais mpaka leo. Hakuna rais mwingine duniani aliyekaa zaidi yake.

Jumapili, 21 Januari. Luba na Batete

Luba iko kama kilomita hamsini kusini, na barabara ni nzuri kuliko ya kwetu Kilifi. Vizuizi viwili vya askari. Dereva alitaka 30,000 kwenda na kurudi, tukakubaliana 22,000 na chakula chake cha mchana, nami nikajuta maana anakula.

Njiani ni kakao, iliyomezwa na msitu. Mabanda ya kukaushia yana mapaa ya bati yaliyotoboka, na miche imerefuka mpaka haifikiki. Hapa ndipo palipokuwa na fedha ya koloni: kabla ya uhuru kisiwa kilitoa karibu tani 40,000 za kakao kwa mwaka. Kazi hawakufanya Wabubi. Kwanza waliletwa Waliberia, kwa njia iliyofanana mno na utumwa hata Shirika la Mataifa likachunguza, na mwaka 1930 kashfa ikalipuka. Kisha wakaja Wanigeria, kwa mikataba, maelfu kwa maelfu. Chini ya Macías waliteswa na kuuawa, na mwaka 1976 Nigeria ikawaondoa watu wake kwa meli na ndege. Mashamba yakabaki hivi nilivyoyaona.

Batete ni kijiji cha juu chenye kanisa la mbao la wamisionari Waklareti. Mzee mmoja wa Kibubi alinikuta nimesimama nje, mvua ikaanza (mvua ya kiangazi, wao huiita "umande"), akaniingiza kibarazani kwake. Daftari tayari lilikuwa chapachapa. Akalitandaza kurasa kwa kurasa juu ya kichanja cha kakao, akaweka mawe madogo pembeni. Tukangoja likauke, tukinywa *topé*, au tuseme yeye alikunywa na mimi nikanusa, maana ni tembo la mnazi kwa jina jingine, hata kama mti wenyewe si mnazi.

Mzee hakutaka siasa za leo. Siasa za 1910 alizitaka sana. Mwaka ule Wabubi wa upande huu wa Luba waliinuka kukataa kazi ya kulazimishwa, wakapigwa. Miaka sita kabla ya hapo chifu wao mkuu, Sas Ebuera, alikufa akiwa mikononi mwa Wahispania. Mfalme aliyefuata, Malabo, alifariki 1937, na ndiye aliyeachia mji mkuu jina lake mwaka 1973, Macías alipofuta majina ya Kihispania. Nilisema hilo ni jambo jema. Mzee akacheka.

"Mji alimpa Malabo. Kisiwa kizima alijipa mwenyewe."

Ni kweli. Kati ya 1973 na 1979 Bioko iliitwa Kisiwa cha Macías Nguema Biyogo.

Jumatatu, 22 Januari. Malabo

Mpango ulikuwa kupanda ndege kwenda Bata saa nne asubuhi. Saa nne ikawa saa nane, saa nane ikawa "kesho". Shirika silitaji. Nenda uwanjani na kitabu, maji na moyo mpana, na usipange kuunganisha safari siku hiyohiyo.

Lakini ucheleweshaji huu ulikuwa neema. Jioni Guinea ya Ikweta walicheza na Ivory Coast, wenyeji wa Kombe la Afrika, huko Abidjan. (Sisi Wakenya tulikuwa tumekaa nyumbani, tunashabikia Tanzania kwa mbali na kwa siri.) Mama alitoa televisheni dirishani, mtaa ukaleta viti. Emilio Nsue akafunga dakika ya 42. Watu wakashangilia kwa hadhari, kama wageni kwenye harusi ya wakubwa. Dakika ya 73, Ganet. Dakika ya 75, Nsue tena. Hapo hadhari ikaisha. Buyla alipotia la nne, mzee mmoja aliyekuwa hajanena neno tangu jioni alivua shati.

Usiku ule Malabo ilikuwa mji mwingine. Magari yenye honi, sufuria, bendera, wasichana wamekaa juu ya paa za teksi. Uwanja wa Uhuru uleule ambao sikuthubutu kutazama saa ulijaa watu wakiruka. Nilipiga picha kumi na tisa kati ya arubaini na moja zangu usiku huo, na filimbi haikulia.

Mama alikuwa haruki. Alikuwa akinihesabia wachezaji kwenye vidole: huyu amezaliwa Mallorca, huyu Hispania, huyu Hispania.

"Unajua kwa nini timu yetu imezaliwa huko?" akaniuliza.

Akanieleza mpaka saa saba ya usiku. Alikuwa na umri wa miaka kumi uhuru ulipokuja, tarehe 12 Oktoba 1968. Baba yake alikuwa karani mwenye cheti cha *emancipado*. Wahispania waliwagawa Waafrika: asiye na cheti alikuwa chini ya Patronato, idara ya ulezi, kama mtoto mbele ya sheria, hakuruhusiwa hata kununua pombe au mafuta ya zeituni. Mwenye cheti alihesabiwa mtu mzima. Nikamwambia babu yangu alivaa kipande cha Waingereza shingoni. "Basi unajua," akasema. Mwaka 1959 Madrid iligeuza nchi kuwa mikoa miwili ya Hispania na kusema sasa wote ni raia, wakati uleule wapigania uhuru kama Acacio Mañé na Enrique Nvo wakipotea na kuuawa. Mwaka 1964 ikaja serikali ya ndani, chini ya Bonifacio Ondó Edu. Mwaka 1968 uchaguzi, na Macías akamshinda Ondó Edu kwenye duru ya pili. Ulikuwa uchaguzi wa kweli, mama alisisitiza, watu walipiga kura kwa hiari yao, na hilo ndilo linalomuuma. Ondó Edu alikufa gerezani kabla miezi michache haijapita. Mwaka 1972 Macías akawa rais wa maisha. Wasomi wakawindwa kwa kuwa wasomi. Mwaka 1978 akapiga marufuku Ukatoliki. Inakadiriwa thuluthi ya wananchi ilikimbia nchi.

"Kaka zangu wawili walikwenda Libreville, kisha Barcelona. Watoto wao wanacheza mpira wa mtaani kule. Mungu akipenda mmoja atacheza hapa kwenye runinga."

Muda wote huo hakulitaja jina la Macías. Alisema "yule". Na wa sasa hakumtaja kabisa, nami sikuuliza. Mgeni anaondoka, mama anabaki.

Jumanne na Jumatano, 23 na 24 Januari. Bata

Ndege iliondoka saa nne na nusu, dakika arubaini angani. Bata iko bara, Río Muni, sehemu ambayo Hispania iliipata kwa mkataba wa Paris na Ufaransa mwaka 1900, ikipewa kipande kidogo cha ilichodai. Hata leo watu wa kisiwani wakisema "bara" husikii jiografia peke yake.

Barabara ya ufuoni ni ndefu, safi, na Mnara wa Uhuru unabadilika rangi usiku. Nilikula samaki wa kuchoma na ndizi kwa 4,000, wa mchana kwa kweli, macho bado meupe. Muuzaji alikuwa mvuvi mwenyewe. Alisema babake aliacha uvuvi zamani za "yule" kwa sababu mashua zilipigwa marufuku watu wasikimbie. Familia ya wavuvi ikalima muhogo kwa miaka mitano mbele ya bahari.

Bata ndiko uhuru ulikoharibika. Februari 1969 Macías alikuja hapa, akaona bendera za Hispania bado zinapepea kwa wingi kuliko alivyopenda, akaamuru zishushwe. Vurugu, Wahispania wakakimbia karibu wote, na tarehe 5 Machi waziri wake wa mambo ya nje, Atanasio Ndongo, akatuhumiwa kupindua na akafa hapahapa. Nchi ilikuwa haijatimiza miezi mitano.

Hakuna ubao unaosema hayo. Wala sikuona wa 7 Machi 2021, siku ghala za silaha za kambi ya Nkoantoma zilipolipuka na kuua zaidi ya watu mia. Dereva alinionyesha ni upande gani. Yeye alipoteza paa la nyumba tu, akasema "tu" mara mbili.

Alhamisi, 25 Januari. Njia ya Mongomo

Teksi ya watu wanne, faranga 9,000 kila mmoja, tukiwa sita. Barabara pana, lami nyeusi, njia mbili kila upande, na gari moja kila baada ya dakika tano. Mafuta yaligunduliwa Zafiro, baharini, mwaka 1995, na barabara hizi ndizo sehemu ya mafuta ambayo mwananchi anaweza kuikanyaga. Sehemu nyingine ilikwenda Paris: mwaka 2017 mahakama huko ilimhukumu mtoto wa rais, ambaye pia ni makamu wa rais, kwa mali iliyopatikana isivyo halali.

Kiti cha mbele alikaa bibi wa Kifang mwenye kuku wawili. Nilimwamkia *mbolo*, neno pekee la Kifang nililojua, naye akaamua nifundishwe mengine. Mtu ni *mot*. Watu ni *bot*. Nikapiga kelele: kwetu *mtu*, *watu*! Gari zima likaanza mchezo, wao wataje na mimi nitafute wa kwetu, na bibi akatangaza kuwa mimi ni mjukuu aliyepotea njia akielekea baharini akafika bahari isiyo yake.

Katikati ya msitu ukatokea mji wa Djibloho, unaoitwa Ciudad de la Paz, Mji wa Amani: mji mkuu mpya uliokuwa ukijengwa. Chuo kikuu, hoteli, barabara za njia sita, taa za barabarani zikiwaka mchana juu ya lami tupu. Nilinyanyua simu. Najua, najua.

Kizuizini wakanishusha. Pasipoti, simu, begi, daftari. Askari kijana alilipekua daftari lililovimba kwa maji ya Batete ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza Kiswahili hiki kinasema nini. Hapo ndipo nilipogundua kuwa majina ya watu nayaandika kwa herufi kubwa, na majina ya watu yanasomeka kwa lugha yoyote. Jasho. Mwalimu mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma, ambaye tangu Bata hakuwa amesema neno, akashuka. Akazungumza na askari kwa Kifang, polepole, mikono nyuma. Kisha akaniambia, "Futa picha mbili za mwisho, mwonyeshe." Nikafuta. Dakika hamsini zilikuwa zimepita, abiria wote wakingoja, hakuna aliyelalamika. Nilipotaka kumlipa mwalimu soda akasema nimlipie bibi, maana ndiye aliyewaambia askari kuwa mimi ni mjukuu wake.

Kwa nini mji mkuu uhamie msituni? Ramani inajibu. Machi 2004 ndege iliyojaa mamluki ilikamatwa Harare ikiwa njiani kuja kupindua serikali hii. Kiongozi wao, Mwingereza Simon Mann, alifungwa Black Beach, akasamehewa 2009. Na Februari mwaka huohuo wa 2009 watu wenye silaha waliishambulia ikulu ya Malabo kwa mashua. Clarence, pale alipopachagua Owen, ni bandari nzuri, na hilo ndilo kosa lake.

Mongomo tulifika jioni. Ni nyumbani kwa marais wote wawili, mjomba na mpwa, mji mdogo wa mpakani mwa Gabon wenye basilika kubwa iliyozinduliwa 2011. Huku ndiko Macías alikokimbilia Agosti 1979 na kukamatwa msituni, na kijijini kwake ndiko zilikokuwa zimewekwa fedha za nchi, si benki. Nililala chumba cha 15,000, bila maji, na ndoo moja niliyoletewa na jirani.

Ijumaa na Jumamosi, 26 na 27 Januari

Kurudi Bata, kurudi Malabo. Hakuna la kusimulia isipokuwa ndege iliondoka kwa wakati, na abiria walishtuka.

Jumapili, 28 Januari. Malabo

Hatua ya mtoano, na Guinea, ile ya Conakry. Viti vilianza kupangwa mchana. Mama alikuwa amefunga leso ya rangi za bendera, na muuza duka wa Mali alikuja na zulia lake. Mzee wa kuvua shati aliwasili akiwa na shati mbili.

Bila bila. Dakika ya 68 Nsue akapiga penalti, mpira ukagonga mwamba. Hakuna aliyemtukana. Muda wa nyongeza ukaenda, ukaenda, na katika dakika ya nane ya nyongeza Mohamed Bayo wa Guinea akaruka na kichwa. Filimbi.

Nilitarajia kelele. Watu walisimama, kila mmoja akachukua kiti chake. Mama alizima televisheni, akaiingiza ndani, akafunga dirisha. Nikamsaidia kukunja leso.

"Yule Nsue," akasema, "baba yake ni wa hapa." Akaweka maji ya *contrití* jikoni. Ndege yangu ilikuwa kesho yake saa saba mchana, na nilikuwa nimebakiwa na faranga 11,500, ambazo nje ya Afrika ya Kati hazibadilishiki. Zitumieni zote huko huko. Mimi nilimwachia mwalimu wa Djibloho soda yake kwa mama, kama atapita Malabo.